Kambale wa Lipangalala na Mshika Ngazi

Fausta akipita Lipangalala, hata watoto wa chekechea wanamwita Kambale. Naomba nitubu hadharani: jina hilo nimelisambaza mimi, Asmahani, jirani yake na rafiki yake tangu darasa la kwanza.

Ilikuwa hivi. Katoka chuo na diploma yake ya uchoraji, kazi ya kwanza bango la saluni. Akachora dada mrembo, misuko imemwagika mabegani. Rangi haijakauka, mvua ya masika hiyo! Misuko ikatiririka mpaka mashavuni, ikawa ndevu. Nikapiga picha, nikaweka status: "Kambale kaja kusuka." Kufika mchana mji mzima umeshaiona. Mwenye saluni naye kagoma kulifuta, eti wateja wanaelekezana kwa bango hilo. Basi, mtoto wa watu ndo akabatizwa.

Baba yake, mzee Damiani, hakucheka.

"Nakupa mpaka mpunga uishe kuvunwa. Hujapata kazi ya maana, unaenda mashineni kwa baba yako mdogo kupima mchele."

Mavuno hayo yakafika. Mpunga umeanikwa kwenye maturubai uani, imebaki wiki moja, ndo simu ikaita. Mwenye nyumba ya wageni kule Mang'ula anataka ukuta mzima wa tembo na mbega. Mchongo wa mwaka! Fausta akaweka spika nisikie.

"Njoo Jumamosi jioni. Chumba cha kulala kipo."

"Sawa kaka, ila tutakuja asubuhi, wawili."

"Wawili wa nini? Mi nataka msanii mmoja."

"Na ngazi anashika nani?"

"Si nipo mimi, mrembo! Huyo mwenzako muache huko huko."

Fausta akaniangalia. Ile kazi anaitaka mpaka vidole vinawasha.

"Basi kaka, tafuta mwingine." Akakata.

Mzee Damiani alikuwa anageuza mpunga, akasimama na reki yake.

"Umekataa kazi?"

"Baba, si wewe ulitukataza kwenda dunguni kule shambani kuamia ndege wa mpunga mtu mmoja mmoja? Ukasema bora ndege waumalize mpunga wote."

"Lile lilikuwa shamba."

"Na hili dungu tu, ila lina rangi."

Mzee akarudi kwenye mpunga. Kageuza, kageuza, weee, mpaka nikaona utaiva pale pale.

"Mpigie. Mwambie unakuja Jumamosi asubuhi. Ngazi nashika mimi."

Nami nikajipachika, ningekosaje? Tumefika Mang'ula, mwenyeji katoka ananukia marashi mtaa mzima. Kumwona mzee na mabuti yake ya shamba, ngazi begani, tabasamu likakatika kama umeme.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Ukuta uko wapi?"

"Aa... kazi tumeisogeza mbele kidogo."

"Haina shida. Tunasubiri."

"Mbele sana, mzee."

Tukageuza na ngazi yetu. Kufika nyumbani mzee hata maji hakunywa. Akaegesha ngazi kwenye ukuta wa nyumba unaotazama barabara, akaishika kwa mikono miwili.

"Panda. Andika namba yako ya simu. Na uandike mnakuja wawili."

Fausta akachora kambale mkubwa kuliko mlango, kasukwa vizuri, chini yake: TUNAKUJA WAWILI.

Mashineni hajaenda. Wiki hii tupo kwenye ukuta wa chekechea, tunachora vyura. Mshika ngazi ni mimi, na nikisinzia nasemwa vibaya. Mteja akipiga akiuliza "wawili wa nini?", Fausta anakata simu anaendelea na chura wake.

Haya, dada zangu mliomaliza vyuo vya sanaa, ngazi zenu anashika nani? Kazi gani mliikataa, na ipi ilikuja baada ya hapo? Mwageni hapa chini. Na picha ya kazi yako ya kwanza weka, hata kama ilitoka kambale. Tutacheka kidogo tu.

Nimedanganya. Tutacheka sana.