Ukuta Niliokosea Kule Beni

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa mwiko wala nivo ya kupimia usawa. Shefu wa shantie, yaani msimamizi wa eneo la ujenzi, mzee mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata jua likiwaka, alinipeleka kwenye nyumba moja ya matofali huko Vulamba, hapa Butembo, akanionyesha doa la maji chini ya dirisha la sebule. Alitaka nimwambie maji yanaingilia wapi. Nilicheka moyoni, nikaweka kidole kwenye doa.

"Ni hapa, Shefu."

"Hapana. Hapo ni fasi inatokea. Miye nakuuliza fasi inaingilia. Tafuta."

Nilitafuta mpaka saa tisa. Mwishowe nilipanda ngazi, nikakuta kizingiti cha dirisha la ghorofa kimeinama kuelekea ndani, tena hakina larmie. Larmie ni mfereji mwembamba kama kidole, unaochongwa upande wa chini wa kizingiti, karibu na ncha yake, ili tone la maji likifika pale lishindwe kuendelea na lianguke nje ya ukuta. Pasipo huo, maji hufuata kizingiti, huingia kwenye matofali, kisha hushuka kimya hadi yatokee mbali. Shefu alipanda akaangalia mwenyewe. Alipoteremka alisema tu, "Donc unaweza kurudia kesho." Ndivyo nilivyoingia katika ofisi ya ujenzi niliyoitumikia mpaka nikastaafu.

Ninyi vijana mnadhani kazi ya masoni, yaani mwashi, ni kupandisha ukuta. Kupandisha ukuta nilijifunza kwa mwaka mmoja. Kuufanya ubaki mkavu, katika milima hii yetu ambako mvua haitupi nafasi ya kusahau, nilijifunza maisha yote, na sehemu kubwa ya somo hilo nilijifunza kwa aibu.

Posti yangu ya pili ilikuwa Musienene, kwenye shule iliyojengwa ubavuni mwa kilima. Huko aliyeniongoza alikuwa Kondikteri, yaani msimamizi wa mashantie yote ya ofisi, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Nyuma ya madarasa tulijenga ukuta wa kuzuia udongo. Mimi niliujenga bila tundu hata moja, nikiona ndiyo nguvu. Alipofika aliuzunguka mara moja, akaamuru nibomoe.

"Ile udongo inakunywa maji," alisema. "Sasa ile maji itatokea wapi? Itasukuma ukuta mpaka ianguke juu ya batoto."

Alinifundisha barbakane: vipande vya bomba vinavyoachwa ukutani, vikiinama kidogo kuelekea nje, na nyuma yake mawe yaliyopangwa ili yapitishe maji na kuzuia udongo. Mawe tulinunua kwa akina mama waliokuwa wakiyavunja kando ya barabara. Siku ya soko walituacha, wakaenda kuuza viazi vyao, na sisi tukangoja. Mvua kubwa ilipopiga, bomba zote zilitapika maji ya tope, kisha maji safi. Ukuta haukusogea.

Baada ya miaka kadhaa Kondikteri alinifanya shefu wa shantie, akanituma mji wa Beni, katika komini ya Ruwenzori, kujenga nyumba ya uzazi ya kituo kimoja cha afya. Ilikuwa na ukuta mrefu wa matofali ya kuchoma, na veranda fupi iliyouegemea. Pale manjanja ya veranda, yaani mabati ya paa lake, yanapokutana na ukuta, lazima pawe na solen. Huo ni ukanda wa bati uliokunjwa, unaopokea maji yanayoteremka ukutani na kuyamwaga juu ya manjanja. Ncha yake ya juu huzikwa ndani ya ukuta, katika mfereji unaokatwa kwa nyundo na tindo, kina cha sentimita tatu. Kondikteri alikuwa ameniandikia hivyo kwenye plani kwa kalamu nyekundu.

Sikuukata. Sherehe ya kufungua nyumba ilikuwa Jumapili ile, na kule Beni siku ya kazi ilikuwa fupi, maana kila mtu alipaswa kuwa nyumbani kabla ya saa ya kuacha kutembea, iliyowekwa kwa ajili ya usalama. Nilipigilia solen kwa misumari juu ya uso wa ukuta, nikaziba ncha kwa sima, yaani saruji, nikapaka rangi. Nilijiambia sima itashika. Jumapili wageni walipiga makofi. Nami nilipiga.

Sima ilishika misimu miwili ya mvua. Mimi nilikuwa nimekwisha kurudishwa Butembo. Maji yalipoanza kuingia, ofisi ilimtuma masoni mmoja anayeitwa Paluku, akapaka sima upya ndani. Doa likarudi. Akapaka tena, nene zaidi. Likarudi kubwa kuliko kwanza. Ndipo Kondikteri alipotuchukua mimi na Paluku twende pamoja.

Nakumbuka chumba kile cha kuzalia. Kipande cha plafo, yaani dari, kilikuwa kimeanguka juu ya kitanda ambacho, kwa rehema ya Mungu, hakikuwa na mtu. Kitanda cha pili kilifunikwa shitingi, turubai iliyofungwa kama hema, na chini yake alilala mama aliyezaa asubuhi ile, mtoto wake kifuani. Mama Titilere, muuguzi mkuu wa kituo, alitupokea bila kutupa viti.

"Bapapa, mara ya tatu sasa," alisema. "Miye nazalisha bamama na ndoo chini ya plafo. Munieleze, ni nani anajua hii kazi kwenu?"

Kondikteri alimgeukia Paluku. "Weye, ni ya mwisho. Kesho unarudisha vyombo kwa biro."

Maana yake Paluku alifukuzwa ofisini. Alikuwa na watoto sita, na alikuwa ametumwa kupaka sima, akapaka. Mimi nilikuwa nimekwisha kuangalia kupitia dirisha, nikaona ncha ya solen imeachana na ukuta, nafasi ya kupitisha kidole. Nilijua tangu nilipoiona. Ningeweza kunyamaza.

"Kondikteri, haiko Paluku," nilisema. "Ni miye. Mufereji ya solen sikuikata. Niliweka misumari tu."

Kondikteri alinigeukia.

"Niliandika kwa wino mwekundu."

"Uliandika. Nilisoma."

"Juu ya nini sasa?" Alitaka sababu.

"Nilikimbiza Jumapili ya sherehe."

Mama Titilere aliingilia kati. "Mais sasa tunajua fasi inaingilia. Nani atatengeneza?"

"Yeye," alisema Kondikteri. "Na mikono yake. Na kuanzia leo haiko tena shefu. Ni masoni."

Nilianza kesho yake. Ukuta ulikuwa na mita kumi na moja, na tindo lilipiga kelele iliyopenya kila chumba. Tulikubaliana na Mama Titilere: akipunga kitambaa mlangoni, kuna mama anazaa, nyundo inyamaze. Kuna siku nilikaa juu ya ngazi saa tatu nzima, tindo mkononi, nikingoja kilio cha mtoto. Kikisikika, naendelea.

Siku ya tatu nilisikia nyundo nyingine upande wa pili wa veranda. Alikuwa Paluku.

"Hawakukutuma," nilimwambia.

"Hawakunituma. Mais miye ndiye nilifungia maji ndani na ile sima. Kata yako, nikate yangu."

Alisema kweli. Sima yake nene ilikuwa imeyafunga maji ndani ya matofali. Tuliibandua yote, tukaacha matofali yapumue, tukazika solen sentimita tatu kamili. Kwenye mstari wa chini wa matofali tulifungua tundu ndogo za kutolea maji yaliyobaki, na kwenye mguu wa ukuta tukachimba mfereji wa mawe. Kila sehemu tuliipiga picha kwa simu kabla ya kuifunika. Siku ya kumi na mbili mvua ya Beni ilikuja na upepo wake wote. Mama Titilere aliweka kiganja ukutani, akakiangalia, akakipangusa kwenye blusi yake ya kazi ingawa kilikuwa kikavu.

"Wasingya," alishukuru kwa Kinande, akarudi kazini.

Cheo changu sikurudishiwa. Nilistaafu nikiwa masoni, na sina uchungu. Mashefu wapya waliniita kila walipofika kwenye solen, nami sikuruhusu ifunikwe kabla sijaingiza kidole mferejini. Baadhi yao walinichukia kwa hilo. Nyumba zao ni kavu.

Mwezi uliopita binti yangu Masika, anayejenga kwake Beni, alinipigia simu. "Papa, bafundi banasema kukata ukuta ni kupoteza siku. Banataka kupiga misumari."

"Wasimame. Nakuja."

Nilivaa buti, nikapanda pikipiki, magoti yangu yakilalamika njia nzima. Kwenye shantie, fundi wao, mtu mwenye heshima, alinionyesha mawingu.

"Papa, wacha tumalize. Mvua iko inakuja."

"Minaiona," nilimjibu. "Ni juu yake nimekuja. Nipe tindo."