Maneno Matatu ya Mama

Siku niliyovunja ungo naikumbuka vizuri, mwanangu, nikuite hivyo ingawa sikukuzaa. Na hapohapo nikusimamishe kidogo: hapakuvunjika ungo wowote. Nilipata hedhi, basi. Sisi Waislamu wa mtaa wa Nyakabanda tuliozaliwa ndani ya Kiswahili tuna neno la pembeni kwa kila jambo la mwili, na hayo maneno ya pembeni ndiyo yaliyoniponza.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alinikuta nyuma ya nyumba nafua nguo huku nalia, nikidhani kuna kitu kimepasuka tumboni na nitakufa. Akanipa vitambaa, akanionyesha namna ya kuvikunja, akachungulia mlangoni kuhakikisha baba hasikii. Kisha akanipa elimu yangu yote.

"Sasa weye iko mukubwa. Usicheze na bavulana."

Nikangoja aendelee. Alikuwa ameshageuka, anachambua mchele.

Maneno matatu, mwanangu: usicheze na wavulana. Nami nilikuwa mtoto mtiifu, nalisema hilo kwa uchungu. Mpaka siku ile nilikuwa golikipa wa watoto wa mtaa wetu, tukicheza mpira wa majani ya mgomba kwenye mteremko nyuma ya maduka. Nikaacha. Wavulana waliniita wakachoka. Mama aliponiona nimekaa mlangoni mikono mapajani, alinisifu kwa majirani: "Wangu iko na adabu."

Sasa mtoto aliyenyimwa mpira alasiri zake atazipeleka wapi? Chumba chetu cha mbele kilikuwa na mpangaji, fundi cherehani, mtu mzima mwenye mke wake huko kwao, aliyesali safu ya mbele pamoja na baba. Sisi watoto tulimwita mjomba. Mjomba hakuwa mvulana. Wala hakucheza na mtu, muda wote ameinamia cherehani yake. Basi nikawa nakaa kwake, namtungia uzi kwenye sindano, naokota vipande vya kitambaa. Mama alijua nilipo, na alifurahi, kwa kuwa sikuwa nje na wavulana.

Yaliyotokea sitayasimulia. Inatosha ujue kwamba alifunga mlango, kwamba mimi nilikuwa mtoto na yeye mtu mzima, na kwamba nilipotoka mle ndani sikuwa na neno hata moja la kumpelekea mama. Ningemwambia nini? Sehemu alizoniumiza hakuna aliyewahi kunitajia majina yake. Wala haikunijia akilini kwamba hiki ndicho nilichoonywa, maana hiki hakikuwa mchezo.

Tumbo lilipoanza kuonekana, mama alinipiga kwa mwiko.

"Si nilikuambia? Si nilikuambia usicheze na bavulana?"

"Sijacheza, mama."

Akaniongezea pigo lingine, kwa kosa la uongo. Wallahi sikusema uongo.

Nilipomtaja mjomba, baba alisema nisimchafulie jina mtu wa watu. Mtu wa watu akahama wiki hiyo, akaagwa vizuri, baba mwenyewe akamsaidia kubeba cherehani. Mimi nilihamishwa kwa siri, mtandio hadi machoni, nikafichwa kwa shangazi huko Kagugu, enzi hizo ikiwa mashamba matupu. Nikazaa huko. Shule ikaishia hapo, na nilikuwa napenda hesabu, mwanangu, nilikuwa naipenda kweli.

Baada ya kuzaa nikaenda kwenye zahanati kuomba njia ya kuzuia nisipate mimba nyingine. Muuguzi akaniambia uzazi wa mpango ni wa wenye waume. Akaniuliza kama kweli mama yangu hakunifunza kitu. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na wote wawili, na wote wawili walinifunza kwa fumbo.

Mtoto niliyemzaa ndiye Hadija. Leo ni mtu mzima, naye ana binti, Salma, wa miaka kumi na mitatu. Tunaishi pamoja watatu, palepale Nyakabanda, nyumba ileile niliyoachiwa na wazazi.

Watafiti tumewazoea mtaani kwetu. Huja kutoka maofisi ya Kacyiru wamening'iniza vitambulisho shingoni, wakauliza una watoto wangapi, unatumia sindano au vidonge, umezungumza na binti yako kuhusu uzazi, ndiyo au hapana. Sote tulijibu ndiyo. Nani atasema hapana mbele ya mgeni? Kwa hiyo nina hakika mahali fulani huko imeandikwa kwamba akina mama wa Nyakabanda huzungumza na mabinti zao.

Mwaka huu akaja mmoja, msichana aliyekulia Uganda, Kiswahili chake kinachechemea kama ambavyo Kiingereza changu kingechechemea. Alitukusanya akina mama katika ukumbi wa mtaa. Alisema anafanya utafiti wa afya ya uzazi ya vijana, na kabla hajazungumza na watoto wetu anataka kutusikia sisi. Akauliza lile swali letu la siku zote, tukaitika "Yego!", yaani ndiyo, kwa pamoja, kama darasa. Nilidhani yamekwisha. Lakini yeye akavuta kiti, akakaa.

"Asante sana, bamama. Sasa munisaidie. Mulimwambia maneno gani? Yale yenyewe."

Mmoja akasema alimwambia binti yake ajichunge. Ajichunge na nini? akauliza mgeni. Mwanamke yule akacheka, akajifunika uso kwa kanga. Mwingine alimwambia wake awe na nidhamu, Mungu atamlinda. Kisha zamu ikamfikia Hadija, amekaa kiti cha pili kutoka kwangu.

"Mimi nilimwambia, sasa weye iko mukubwa, usicheze na bavulana."

Mwanangu, yalikuwa yaleyale maneno ya mama. Nilinyanyuka nikatoka bila kuaga. Hadija akanifuata akidhani nimeugua.

"Maneno hayo uliyatoa wapi?" nikamuuliza barabarani.

Akanishangaa. "Kwako, mama. Siku ile na mimi nilikua. Si ndivyo uliniambia?"

Ndivyo nilivyomwambia. Mimi niliyepigwa kwa maneno hayo, niliyezaa kwa maneno hayo, siku yake ilipofika niliona haya, nikafungua mdomo, na ndiyo yaliyotoka. Hadija yalimpita salama kwa bahati tu, na bahati si malezi. Mficha uchi hazai, wanasema. Sisi tulizaa, na tukaficha vilevile.

Nilimsimamisha kando ya kibanda cha fundi viatu nikamwambia alivyopatikana. Maisha yake yote nilikuwa nimemwambia baba yake alisafiri. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu, ulikuwa na miaka mingapi, nikamwambia, akashika ukuta.

Tukaenda nyumbani, tukamwita Salma kutoka jikoni, tukamketisha kati yetu. Nilianza mimi. Nilitaja kila kitu kwa jina lake, uso unaniwaka, umri wangu huu. Nilimwambia mimba inavyopatikana, na kwamba mara ya kwanza nayo hutosha. Nilimwambia kuna njia za kuizuia na kuna pahali pa kwenda kuuliza. Nilimwambia mwili wake ni wake, na kwamba mimi nilifungiwa mlango na mtu niliyemwita mjomba.

Salma alikuwa anachezea pindo la gauni.

"Bibi, hata tonto?" Ndivyo watoto wa siku hizi wanavyomwita mjomba.

"Tonto gani?"

"Ule wa duka la simu. Ananiambiaga nikachajie simu kule ndani, nyuma ya pazia. Jana niliingia. Akasema kesho nikuje tena, nisiambie mama."

Hadija alimshika mkono. Akamuuliza polepole kama amemgusa. Bado, alisema Salma, alimpa biskuti tu, na yeye hakuona ubaya kwa sababu yule si mvulana. Hadija akajifunga kitenge kiunoni akatoka. Aliyomwambia yule bwana mbele ya wateja wake sitayaweka hapa, ila mtaa mzima ulisikia, na safari hii hakuna aliyelinda jina la mtu wa watu. Kisha tukaenda wote watatu kwenye ofisi ya mtaa kumshtaki.

Husemwa majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu wangu nilimwahi, na sijifanyi shujaa, maana nilimwahi kwa siku moja tu, na siku hiyo nilipewa na mgeni aliyejua kuuliza. Nina hasira hata ninapokuambia. Ninamkasirikia mama, Mungu amrehemu, na najikasirikia mimi. Tuliita woga wetu adabu, tukauvika mtandio, tukawarithisha watoto.

Basi nikuusie, mwanangu. Ukiambiwa jichunge, uliza na nini. Ukiambiwa usicheze, uliza mchezo gani. Kuuliza si ujinga, na atakayekwambia huna adabu kwa kuuliza, mwache, muulize mwingine: muuguzi, mwalimu, dada mkubwa, bibi kama mimi. Mtu mzima anayekutaka faragha na kukuapisha usiseme, mkimbie, awe mjomba, awe tonto, awe anasali safu ya mbele. Na kama ameshakuumiza, sema, kosa si lako, na asiyekuamini si wa mwisho duniani. Siku utakapokuwa mzazi, usiridhike kwamba umezungumza na mwanao. Jisikilize umesema nini.

Mungu akulinde na milango iliyofungwa. Akupe watu watakaokuamini mara ya kwanza. Akupe mama mwenye kutaja vitu kwa majina yake, na ikiwa wako anaona haya kama mimi, akupe ukaidi wa kumkalia hadi ajibu. Amin.