Manyoya Ndani ya Mashine ya Ndunge

Mashine ya kufulia ilipoteremshwa kwa Ndunge pale Mwingi, wamama wa kanisa walikuja kuiombea. Msicheke. Gari likinunuliwa linaombewa, nyumba ikiisha kujengwa inaombewa, na Ndunge alikuwa amefua nguo za watu kwa mikono tangu Musembi, kifungua mimba wake, angali mgongoni. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto wawili, na kwa kazi hiyo hiyo vidole vyake vilianza kujikunja, ikawa asubuhi hata kifuniko cha chupa ya chai kinamshinda. Kwa hiyo Musembi na dada yake Muthoki walipochanga wakamletea mashine, wamama waliimba mpaka mabati yakaitikia. Mbinya, kiongozi wao, aliweka mkono juu ya kifuniko, akamwomba Mungu ailinde na kila adui. Alipofumbua macho, paka alikuwa amelala pale pale, karibu na mkono wake.

"Adui wa kwanza ndiye huyu," Mbinya akasema, na wote wakaangua kicheko.

Paka huyo aliitwa Kanini, yaani kadogo, jina alilopewa kabla hajajua kula. Sasa alikuwa dume la kijivu, mnene, mwenye dharau kama karani wa serikali. Ndunge alimpenda kupita kiasi, na hakuona haya kusema hivyo.

Siku za mwanzo Ndunge alivuta kigoda akakaa mbele ya mashine, akiitazama kama watu wanavyotazama televisheni. Mikono ilikaa mapajani haijui la kufanya. Kanini ndiye aliyeitafutia kazi. Alipanda mapajani, akajikunja, na vidole vya Ndunge vikazama katika manyoya yenye joto, maumivu yakalegea kidogo. Ikawa ndiyo desturi yao: mashine inanguruma, paka anakoroma, mwenye nyumba anaimba pambio. Raha ilimjaa mwanamke huyo hata akawa anawasimulia wauza mboga wasiomuuliza kitu.

Nguo nyingi alizofua zilitoka ng'ambo ya barabara ya Garissa, kwa rafiki yake Nadifa, mwenye duka la nafaka. Mumewe, Abdisamad, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Urafiki wao ulianza zamani, Ndunge alipokuwa akifua nepi za Yurub, binti yao, ambaye sasa ni mama wa watu.

Basi mwezi haujaisha, mashine ikagoma. Maji yalijaa, yakakataa kutoka. Fundi Musyimi akaitwa. Akalala chini, akaingiza koleo kwenye paipu, akavuta. Kikatoka kitu kirefu, cheusi, kinachotiririka maji, Ndunge akaruka akidhani ni panya.

"Si panya, mama. Ni manyoya," Musyimi akasema. Akamtazama Kanini, aliyekuwa dirishani akijiramba bila wasiwasi wowote. "Na mwenyewe ndiye yule. Yamejisokota mpaka kwa ekseli. Yakirudi tena, mota itaungua, na hiyo mota hapa Mwingi hupati."

Musembi aliposikia habari hiyo alipiga simu papo hapo.

"Mwaitu," akasema, maana ndivyo Wakamba tunavyomwita mama, "chagua. Ni mashine ama ni paka. Mimi sitaki kusikia umerudi kwa karai na hiyo mikono."

Alisema kwa upendo, na ndiyo sababu maneno yake yalimchoma. Mtu akikufokea unaweza kumjibu. Ndunge alimtia Kanini ndani ya kyondo, kikapu alichosuka mwenyewe, akavuka barabara, akamkabidhi kwa Nadifa.

"Karibu sana," Nadifa akasema. "Hapa panya wamekuwa wapangaji. Lakini Mama Musembi, mbona unalia?"

"Silii. Ni vumbi ya malori."

Mashine iliendelea na kazi, ila kigoda kilipoa. Pambio zilimwishia. Jioni moja Ndunge alijikuta ameketi akipapasa taulo iliyokunjwa mapajani, taratibu, kutoka kichwani kwenda mkiani, na taulo haina kichwa wala mkia. Aliitupa kando akajionea huruma.

Halafu mashine ikaziba tena.

Musyimi akavuta tonge lingine, kubwa kuliko la kwanza. "Mama, si ulisema paka ameenda?"

"Ameenda! Muulize huyu anayemlisha!"

Nadifa alikuwa amekuja kuchukua nguo zake. Akalipokea lile tonge, akalisuuza vizuri, akalitandaza juu ya jiwe juani. Jua la Mwingi halina mchezo. Chai haijapoa manyoya yalikuwa yamekauka. Nadifa akayasugua kwa vidole. Alikuwa mke wa mtu wa soko la mifugo, hakuhitaji miwani.

"Wallahi, hii si paka," akasema. "Hii nyeupe ngumu ni mbuzi. Hii nyeusi pia mbuzi. Na hii nyekundu laini, ngoja... hii ni ngamia."

Wakatazamana. Mtu ambaye hushinda sokoni akiwakumbatia mbuzi na kuwainua kwenye malori alikuwa mmoja tu kati ya wateja wa Ndunge.

"Ni bwana yangu!" Nadifa akapiga kelele, akaketi chini kwa kucheka.

Musyimi hakucheka bado. Aliuliza maji ya kusuuzia humwagwa wapi.

"Kumwagwa?" Ndunge akashtuka kama aliyesikia tusi. Amelelewa akifuata maji kwa punda, hajawahi kumwaga maji ambayo bado yana nguvu. Aliyakinga kwa karai yanapotoka, akayarudisha ndani kufulia nguo zinazofuata, tena na tena, na yakichoka kabisa ndipo mipapai ilipopewa.

"Aiya, mama! Kumbe unatoa mbuzi kwa mlango wa nyuma, halafu unamkaribisha tena kwa mlango wa mbele!"

Sasa walicheka wote watatu. Lakini maji hayangemwagwa, hilo Ndunge aliliweka wazi. Siku hiyo hiyo alichukua nyuzi za katani alizobakiza kwenye ususi wa vyondo, akafunga brashi ngumu. Nguo za Abdisamad zikapewa sheria: zianikwe uani kwanza, zikung'utwe, zipigwe brashi, ndipo zionje maji. Na juu ya karai akafunga kitambaa chake cha kuchujia uji, kilichozeeka lakini kizima. Maji yalipita safi, manyoya yakabaki juu, na mashine ikamaliza kazi bila hata kukohoa.

Akampigia Musembi.

"Mwenye makosa amepatikana."

"Nani?"

"Abdisamad. Sasa niambie, na yeye nimpeleke kwa duka la nani?"

Musembi alicheka hadi simu ikamponyoka. Alipoiokota alisema, "Mwaitu, nenda umrudishe paka."

Haikuwa lazima aende. Jioni Abdisamad mwenyewe alifika langoni, jitu refu, Kanini amechungulia kutoka ndani ya shuka lake.

"Mama Musembi, nimesikia nimeshtakiwa. Nimeleta mtu wako."

"Simama hapo hapo!" Ndunge akaamuru.

Akachukua brashi ya katani. Alimsugua Abdisamad kuanzia mabegani hadi chini, akamgeuza, akamsugua mgongoni, naye ametandaza mkono mmoja kama mtoto anayepimwa sare ya shule, mwingine umemshika paka. Watoto wa majirani wa ploti walikuja kutazama. Ng'ambo ya barabara Nadifa alipiga vigelegele. Kisha Kanini naye akapigwa brashi, tumbo na mgongo, akilalamika sana.

"Itakuwa hivi kila asubuhi," Ndunge akamwambia. "Na juu ya nguo hulali tena."

Mgeni alipoondoka, Ndunge aliweka nguo, akazungusha swichi, akavuta kigoda. Kanini akapanda, akazunguka mara mbili akitafuta mahali pake pa zamani, akalala. Vidole vilivyojikunja vikazama ndani ya manyoya. Maisha yote mikono hiyo ilikuwa imefanya kazi za watu. Sasa ilikuwa na yake. Ndunge akaanzisha pambio, kwa sauti kubwa kuliko mashine.