Kikombe Nyuma ya Jiko

Kosa langu la kwanza, mwanangu, nilipopewa kazi ya kukagua nyumba ya wazee kule Bwera, lilikuwa kutuma karatasi mbele yangu. Nalitaja mapema, kwa sababu mzee anayeficha kosa lake hadi mwisho wa hadithi huwa anatafuta njia ya kulipunguza. Mimi silipunguzi. Siku niliyoipeleka karatasi ile naikumbuka hadi rangi ya wino.

Nilikuwa kijana, karani wa kanisa pale Kasese, miaka ile ya sabini ilipoanza. Shule niliishia darasa la sita; mengine nilijifundisha mwenyewe kwa kitabu kimoja cha usafi wa nyumba, kilichokuwa kimepoteza jalada. Nilikuwa mtu wa wasiwasi. Mstari ukipinda, nilichana ukurasa mzima. Leso yangu niliipiga pasi kila asubuhi. Niliogopa kwamba siku moja watu wangegundua sikusoma, kwa hiyo nilitaka kila kilichopita mikononi mwangu kisiwe na doa. Wasiwasi wa namna hiyo, mwanangu, watu huusifu. Huuita bidii.

Nyumba ile ilikuwa ya wazee ambao watoto wao walikwenda machimboni, au jeshini, au hawakuwahi kuzaliwa. Walikuwa kumi na wawili, wakitunzwa na mama mmoja, Biira, na msichana wa kumsaidia. Wazee wa kanisa walitaka kujua kama wanatunzwa vizuri. Lakini aliyehitaji jibu zaidi yao alikuwa Sajini mmoja wa kambi ya Kasese.

Sajini huyu alitoka kaskazini mbali. Alioa kwetu, mke akafariki, naye akabaki na mama mkwe, bibi mmoja jina lake Masika, aliyevunjika nyonga akawa hatembei. Ndiye aliyempeleka Bwera. Sasa alikuwa amepewa uhamisho.

"Wewe kwenda angalia," aliniambia, amesimama mlangoni pa ofisi kama anayepokea gwaride. "Kama mama iko sawa, mimi naenda. Kama hapana sawa, mimi naambia wakubwa hapana enda. Wanifunge. Basi."

"Nitaangalia kila kitu, Afande," nikasema.

"Hapana kila kitu. Mama."

Ningelisikiliza neno hilo, nisingekuwa na la kukuhadithia leo.

Nilikaa jioni mbili nikiandika karatasi ya ukaguzi. Shuka ziwe kavu. Harufu isisikike. Wazee waketi, wasilale mchana. Maji yawe karibu na kila mmoja. Kila jina liitwe na liitikie. Niliona si haki kumkagua mtu kwa jambo asiloambiwa, nikamtumia Biira nakala wiki moja kabla. Nilijiona muungwana.

Nilifika kabla ya adhuhuri. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Rwenzori hadi kwenye migomba, na nyumba ile ilionekana kana kwamba imesimama peke yake duniani. Jambo la kwanza lilikuwa ukimya. Umewahi kuingia mahali penye wazee? Kuna kukohoa, kuna kulalamika, kuna anayemwita mtu aliyekufa zamani. Pale hapakuwa na kitu. Kumi na wawili walikuwa wameketi kwenye mabenchi mawili, migongo imenyooka, wote wakitazama ukuta mmoja. Palinuka sabuni tu. Kando ya kila mmoja palikuwa na kikombe kilichojaa maji hadi ukingoni, na juu ya maji vumbi jembamba, halijavunjwa na mdomo wa mtu.

Mwili ulinisisimka. Lakini nilitazama karatasi yangu, na kila kitu kilikuwa kama nilivyoandika. Nikaupa mwili wangu makosa.

Nikaita majina. "Masika?"

"Niko," akajibu bibi wa pembeni, bila kugeuka.

Nikatia alama. Nikasogea karibu yake kumtazama, kwa ajili ya Sajini. Alikuwa safi, mnene kidogo, miguu imewekwa sawasawa. Alinishika mkono, vidole vyake baridi, akanong'ona: "Mutoto yangu, ukimaliza kuandika, nitarudi kwetu?"

Wazee wote huuliza hivyo, nikajiambia. Nikaandika: Masika, hali nzuri, akili imechoka kidogo.

Wakati naandika ndipo niliposikia. Ilitoka nyuma ya jiko. Tok. Kimya kirefu. Kisha tena, tok. Hakuna aliyegeuza kichwa. Wale kumi na wawili waliendelea kutazama ukuta, ila niliona shingo ya yule bibi ikikaza.

"Ni nini hiyo?" nikamuuliza Biira.

"Ni bati. Jua inapiga bati."

Nilitoka nje nikatazama juu. Hapakuwa na jua. Ukungu ulikuwa umefunika hata paa. Na unajua nilifanya nini? Nilirudi ndani nikaandika chini ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri: bati la nyuma lipigiliwe misumari, lisisumbue wazee.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Mimi niliusoma mlango nikaufunga, nikarudi Kasese nimefurahi.

Nilimkuta Sajini anafunga sanduku lake. Nikamsomea taarifa yote, tangu shuka hadi vikombe. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Alipiga kikombe?"

"Kikombe gani, Afande?"

Akaeleza polepole, kama mtu anayetoa siri ya nyumbani. Kwetu, mwanangu, mkwe hamtazami mama mkwe usoni, wala haingii anapolala. Sajini, mgeni kutoka mbali, aliishika desturi hiyo kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Alipokwenda kumwamkia alisimama uani, mgongo kwa ukuta, macho mlimani. Na bibi hakuwa na sauti ya kufika nje. Basi waliwekeana ishara.

"Yeye napiga kikombe na kijiko. Mara tatu: niko sawa. Mara mbili: enda, nataka lala." Akanitazama. "Mara moja: maji."

Sikio langu lilirudi Bwera peke yake. Tok. Kimya. Tok.

"Nilisikia," nikasema mwishowe. "Lakini bibi niliyemwona alikuwa ameshika mkono wangu. Hakuwa na kikombe mkononi. Na sauti ilitoka nyuma."

"Huyo uliona, miguu yake namna gani?"

"Imekaa sawa."

"Mama yangu mguu moja nageuka nje." Akasimama. "Nani huyo ulishika mkono?"

Swali lile lilinitia baridi kuliko ukungu. Kwetu binti wa kwanza ni Masika, katika kila nyumba, katika kila kilima. Ukisimama sokoni ukaita Masika, wataitika ishirini, na hakuna atakayekuwa amesema uongo. Nami, mzaliwa wa pale, nilikwenda nimeshika jina, nikaridhika lilipoitika.

Tuliondoka alfajiri, tukapanda lori la chumvi lililotoka Kabatoro kwenda mpakani. Safari hii hatukutuma karatasi.

Nyumba tuliyoikuta ilikuwa nyingine. Mmoja alikuwa akimtukana msichana kwa sababu ya uji, mwingine anaimba. Mabenchi yalikuwa na watu saba. Bibi mnene hakuwepo. Biira alipotuona alikaa chini palepale, juu ya gunia, mikono kichwani.

Sajini alipita hadi uani, akatafuta ghala dogo la kuni nyuma ya jiko, akasimama mgongo kwa ukuta wake, uso mlimani. Akavua kofia.

"Wasibire, mama," akasema kwa Lhukonzo, lugha yetu. Umeshindaje.

Kimya. Nilihesabu pumzi zangu. Nilianza kuomba, nikasahau maneno.

Tok.

"Maji," Sajini akasema, bado anatazama mlima. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Wewe ingia. Mimi hapana weza."

Niliingia. Walikuwa watano, wamelazwa juu ya majani ya migomba: wale wenye vidonda, wale wasiozuia mkojo, wale wasioweza kuketi. Masika alikuwa karibu na mlango, mguu umegeuka nje, kidonda cha ubavuni kimefunuka. Kikombe chake kilikuwa kikavu. Nilimnywesha. Meno yake yaligonga ukingo wa kikombe, na hiyo sauti ndogo bado naisikia nikinywa chai.

Nilitoka nikamkaripia Biira. Alinyanyua uso.

"Wewe ulileta ile karatasi," akasema. "Uliandika harufu isisikike. Huyu mama iko na kidonda, kidonda inanuka. Uliandika wakae. Hawa hawakai. Mimi niko na musichana moja. Niliogopa mutafunga nyumba, nikaazima bazee ya jirani, wa majina ileile. Nilitaka niwarudishe hawa siku ileile, lakini niliogopa utarudi." Akafuta pua kwa kanga. "Hukuandika pahali hata moja: nani mugonjwa kuliko wote."

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo. Lakini ni nani aliyemfundisha Biira kuficha?

Bibi hakuweza kubaki mle ghalani, na mimi peke yangu nisingemnyanyua bila kumuumiza. Sajini alisimama muda mrefu. Kisha aliingia ghalani kinyumenyume, uso umeelekea mlangoni, akapiga magoti.

"Weka mama mgongoni," akaniambia.

Nikampandisha. Akatoka naye hivyo, amembeba kama mama anavyobeba mtoto, na hakumtazama usoni hata mara moja. Tulipovuka ua kumrudisha kitandani kwake, bibi, ambaye hakuwa amekiachia kikombe, alikigonga taratibu kwenye kifungo cha bega la kombati. Mara mbili. Nataka kulala.

Wale wanne wengine tuliwarudisha ndani jioni ileile. Sajini aliwaambia wakubwa wake, na uhamisho ukacheleweshwa hadi kidonda kilipoanza kufunga. Wazee wa kanisa hawakuifunga nyumba. Walimwongezea Biira wanawake wawili. Nilisoma mbele yao taarifa yangu ya kwanza yote, pamoja na ile ya misumari. Sajini alipoondoka, mimi ndiye niliyesimama uani pale Bwera siku za Ijumaa, nikatazama mlima. Masika aliishi misimu miwili ya mvua. Mara nyingi aligonga tatu.

Mwanangu, wewe unayetafuta mahali pa kumwacha mama yako, au unayetumwa kupima utunzaji wa wazee wa wengine, chukua hili. Ukikuta nyumba ya wazee haina sauti, usiketi. Gusa maji uone kama yamenywewa. Mzee akikuuliza kama atarudi kwao, muulize kwao ni wapi. Mtafute mtu, usitafute jina lake. Asiyekuwepo na lake halipo, basi uwe wewe wa kuuliza ni nani hayupo. Na yule anayefanya kazi ile ngumu, usimtishe na ukamilifu wako hadi akuone wewe ni wa kuogopwa kuliko kidonda.

Mungu akupe sikio linalosikia kikombe kinachogongwa nyuma ya ukuta. Na siku yako ya kugonga ikifika, akupe mtu uani.

Mimi nimezeeka, na wasiwasi wangu haujaisha. Bado napiga pasi leso. Lakini tangu siku ile sijatuma tena karatasi mbele yangu, na nikifika nyumba yoyote ya wazee naanza kwa nyuma.