Ng'ombe wa Baba Waliokuwa Kwenye Seva

Barua pepe ilikuja Jumatano: mradi umekwisha, seva itafutwa Ijumaa saa kumi jioni, tunawashukuru kwa ushirikiano. Shukrani zenyewe sikuzimaliza kusoma. Nilianza kuzunguka uani kwa mama, simu mkononi, hadi kuku wakanikimbia.

Daftari la mifugo la mradi ule, la kwenye kompyuta, nililitengeneza mimi. Kwa misimu kadhaa tulizunguka vijijini, kuanzia Masieda huku kwetu Mbulu hadi Endasak upande wa Hanang, tukiandika ng'ombe waliowekwa kwa watu. Huku mtu mwenye akili haweki ng'ombe wake wote kwenye zizi moja. Mkulima wa Daudi, ambako mashamba yamebanana, anampelekea rafiki yake wa tambarare ng'ombe kadhaa amtunzie. Rafiki anakunywa maziwa, ndama wanakuwa wa mwenye mali, na mara mojamoja mtunzaji anapewa mtamba kama asante. Ugonjwa ukiingia zizi hili, lile linabaki. Karatasi hakuna. Wanaojua ni wawili wenyewe, na mmoja akifa ndipo maneno yanapoanza. Ndiyo sababu mradi ulitaka waandikwe.

Baba yangu alifariki mwezi mmoja kabla ya barua pepe ile. Nilijua ana ng'ombe kwa mtu fulani Hanang. Ni wangapi na kwa nani, hakumwambia mama, wala mimi. Wanaume wa hapa hawasemi. Ukimuuliza mzee ana ng'ombe wangapi, atakuuliza kama mvua imenyesha kwenu. Lakini karani mwenzangu alikuwa amemwandikisha, na kadi yake ya mradi niliikuta kwenye mfuko wa koti, ina namba. Nyumbani mama alibaki na ng'ombe mmoja mzee asiye na maziwa. Mali nyingine yote aliyoachiwa ilikuwa imeandikwa kwenye seva iliyoko sijui nchi gani, inasubiri kufutwa.

Mtu ataniuliza, si ungefungua tu ukaangalia? Ningeweza, tena kwa amri moja fupi. Ila kwenye kila mkutano nilisimama mbele ya wazee nikaapa kwamba hata mimi niliyelitengeneza daftari sitafungua jina la mtu. Bila kiapo kile wasingetuambia lolote. Basi nikajitafutia njia ya pembeni: kunakili daftari zima si kufungua jina la mtu. Nikinakili, nimeokoa mali za watu wote, na yetu ikiwemo, na habari ya kuangalia tutaijua hukohuko mbele. Nilijisifu kwa busara hiyo. Roho yangu ilijua vizuri inachotafuta.

Kunakili hifadhidata iliyo mbali si kazi ya ajabu. Unafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, unataja anwani ya seva, jina lako, jina la hifadhidata, na faili la kupokelea. Unabonyeza, nayo inashuka jedwali kwa jedwali. Ubaya wake ni kwamba ikikatika haiendelei ilipoishia. Unaanza upya kabisa. Nami siku za mwanzo, kwa ujuaji wangu, niliweka picha za ng'ombe humohumo ndani ya hifadhidata, masikio na alama zote, kwa hiyo ilikuwa nzito kupita kiasi. Jumatano ilikatika mara mbili. Alhamisi umeme haukuwapo kutwa nzima. Ijumaa saa tatu asubuhi niliweka simu juu ya dirisha la sebule, mahali pekee mtandao unaposhika, nikaiunganisha na kompyuta, nikaandika amri, nikabonyeza.

Nilipiga hesabu: saa sita na kidogo. Ningemaliza saa tisa na nusu, mtandao ukinihurumia.

Mimi kungoja siwezi. Nilikaa, nikasimama, nikachambua maharage ya mama nikachanganya mabovu na mazima. Kila baada ya dakika mbili nilirudi kutazama kama faili linakua. "Haraka haraka haina baraka," mama akasema akipita na ndoo. Msemo huo nauchukia tangu nikiwa shule ya msingi. Kufika saa saba jedwali la mifugo lilikuwa limeshuka lote, zikawa zinashuka picha. Baada ya picha lingefuata la wamiliki, lenye majina. Nikaanza kuamini. Hata chai nikanywa, japo nimesimama.

Saa nane mtu akabisha hodi, na kabla sijaitika vizuri alishaingia: mzee mrefu, shuka begani, fimbo mkononi, viatu vya tairi vimejaa vumbi la mbali. Sikumfahamu. Niliinuka, nikafunika kompyuta, nikampa mkono nikiwa nimeinama.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

Kwetu humsalimii mzee huku kitu kingine kimekushika. Ukiwa na mwiko unauweka chini, ukiwa na simu unaigeuza. Mkono wangu ulifanya hivyo kabla ya kichwa changu kuulizwa. Kompyuta ile ukiifunika inalala, na ikilala inaachia mtandao. Tulikuwa tumefika kwenye habari za mvua nilipokumbuka. Hujambo, mama hajambo, mahindi je, njia ilikuwaje, na mimi natabasamu kama nimekalia miiba. Kumwambia mzee aliyetoka mbali anyamaze nifunue mashine? Afadhali ningemtemea mate. Mama alileta chai, akampa pole ya safari, akarudi jikoni.

Mzee akapuliza chai yake taratibu. Sijawahi kumwona mtu anapuliza chai taratibu vile.

"Mimi ndiye rafiki ya baba yako wa kule Hanang," akasema. "Zile ng'ombe zake ziko kwangu."

Nikakaa sawasawa.

"Nilichelewa kusikia msiba. Sasa tena nimesikia ile daftari yenu ya mashine inafungwa leo. Ile maandishi iko wapi?"

Hapo ndipo ningeweza kusema kweli. Ningesema, baba, imekatika sasa hivi, sina kitu, niambie wewe. Badala yake nilimfikiria mama na ng'ombe wake mmoja. Nikafikiri: huyu amekuja kupima. Akijua hakuna maandishi atasema wawili, na nani atambishia? Nikaweka kiganja juu ya kompyuta.

"Iko humu, baba. Yote."

"Kwa hiyo unajua ni ngapi."

"Najua."

Akaitazama kompyuta, kisha akanitazama mimi, muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kama alitaka kuniambia idadi, hakuiambia tena. Angeniambia ya nini, nami nimeshasema najua?

"Sawa," akasema. "Jumatano nitazileta."

Kisha akaongea habari za magoti yake hadi saa tisa na nusu. Alipotoka nilimsindikiza mpaka njiani kama inavyotakiwa, nikarudi mbio. Nilipofunua, dirisha jeusi liliniambia muunganisho umepotea. Nikaandika amri upya huku najua ni bure. Saa kumi na dakika moja seva haikuitika tena.

Nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilimkasirikia mzee, nikamkasirikia baba na siri zake, nikaukasirikia na mkono wangu wenye adabu kuliko akili. Kisha nikakumbuka kwamba faili nililipokea kwa maandishi ya kawaida, kwa hiyo sehemu iliyoshuka kabla ya kukatika inasomeka. Majina hayakufika, lakini ng'ombe walifika, kila mmoja na namba ya kadi ya mwenyewe. Nikaleta kadi ya baba. Kiapo changu kilidumu kama dakika tano. Nikatafuta namba ile.

Wanne.

Nikapumua. Wanne si haba. Nikamwambia mama atarajie wanne, naye akafunga mikono kifuani.

Jumatano wakaja, wameswagwa kwa mguu tangu juzi yake na wanawe wawili wa mzee, na yeye mwenyewe nyuma. Nilisimama langoni nikihesabu kimoyomoyo. Wanne wakapita. Wakaendelea kupita. Ng'ombe tisa waliingia uani kwetu, wawili wakiwa na ndama tumboni. Mama alishika nguzo ya zizi.

Baba alikuwa amemdanganya karani, bila shaka, maana wote tisa walikuwa wakubwa kuliko mradi wenyewe. Alitaja wanne kama ambavyo mwanamume yeyote wa hapa angetaja wanne. Na wengine wote tuliowaandika, kutoka Masieda hadi Endasak, sioni kwa nini wangefanya tofauti. Siku mbili nzima roho ilikuwa juu, nikiokoa idadi ambazo watu walizitaja ili twende zetu.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Mzee alileta tisa, na sijui kwa nini. Huenda angeleta tisa hata bila daftari, kwa ajili ya rafiki yake, na safari yote ile aliifunga kusudi aje aseme. Huenda pia alileta tisa kwa sababu nilimwambia najua. Huenda walikuwa kumi na wawili. Ningenyamaza angalau, leo ningemjua ni mtu wa namna gani. Uongo wangu ulimnyang'anya nafasi ya kuonyesha uaminifu wake, na yeye hana habari kwamba amenyang'anywa. Naona aibu kila nikikumbuka kiganja changu juu ya ile kompyuta.

Mama hana mashaka. Kanisani amewasimulia wanawake wote: kuna watu bado, mzee wa watu kaleta tisa na hakuna aliyemdai. Wanaitikia, wananitazama mimi, mtoto wa kompyuta, nami nachezea kitabu cha nyimbo.

Juzi majani yaliisha. Shamba letu haliwezi kulisha ng'ombe tisa na mama analijua hilo. Aliniita zizini jioni, amevaa buti za baba.

"Itabidi wengine tumrudishie yule mzee atutunzie," akasema. "Kama alivyofanya baba yako. Tumpe wangapi?"

"Wawili," nikasema.

Akageuka. "Wawili tu? Mtu kama yule?"

Nikainama kuokota bua.

"Wewe unajua nini kuhusu huyu mzee ambacho mimi sikijui?"

Kuhusu mzee sikuwa najua lolote. Nilichokuwa nakijua ni uongo wangu mimi, na nilisimama pale mpaka mama akachoka kungoja, akaenda kufunga zizi peke yake.