Suruali ya Kijivu ya Mtanashati

Mtaa mzima ulimwita Mtanashati, na hakuna aliyebisha. Alikuwa fundi cherehani mwenye kibanda cha bati, ndani yake meza ya kukatia, kioo kirefu na msumari wa kutundikia futi. Mteja akiingia na nguo inayomning'inia, Mtanashati alikunja uso kana kwamba amekanyagwa kidole. "Nguo ikikupwaya," alikuwa akisema, "watu wanaanza kukuhesabia siku."

Basi siku daktari alipomwambia ana saratani ya ini, na kwamba uvimbe umeshikana na mshipa mkubwa wa damu, jambo la kwanza alilofanya ni kuweka kola sawa. Mkewe, mpishi wa shule ya msingi, ndiye aliyeuliza kama hauwezi kukatwa.

"Kwa sasa hapana, mama," alisema daktari, mwanamke wa makamo asiye na haraka. "Tukikata leo tutamuua. Tutaushambulia kwanza kwa njia tatu pamoja. Tutapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa pajani mpaka kwenye ini, tumwage dawa penye uvimbe na kuziba damu inayoulisha. Atatundikiwa drip ya kuamsha kinga ya mwili, na atameza vidonge kila siku. Ukisinyaa ukaachana na ule mshipa, tunakata. Ila mzee, sharti langu moja: usikonde. Mwili uliokonda hauhimili kisu."

Mtanashati alilisikia sharti lile kwa sikio la fundi. Alichoelewa yeye ni kwamba asionekane amekonda. Huwezi kumlaumu sana. Maisha yake yote alikuwa akiwafichia watu vitambi, mabega yaliyopinda na mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake. Leo ashindwe kuficha kiuno chake mwenyewe?

Matibabu yakaanza, na hayakuwa lelemama. Dawa ya mrija ilimlaza na homa na maumivu ya ubavu, akahamia godoro la sebuleni alale peke yake asiguswe. Vidonge vilimtia kinyaa cha chakula na kumchubua viganja mpaka kushika sindano ikawa shughuli. Mkewe alimpikia uji mzito, mayai, viazi vya kuponda. Alikula vijiko viwili mbele yake, chakula kilichobaki akaomba afungiwe akale kibandani. Huko kibandani chakula kilikwenda kwa jirani yake muuza mkaa, ambaye kwa kweli alinawiri.

Nguo zilipoanza kumpwaya, alifunga mlango wa kibanda mchana kweupe, akavua suruali yake ya kijivu na kupunguza kiuno. Baada ya muda akapunguza tena. Shati likafuata, na koti. Akitoka hapo alipita mtaani amenyooka kama rula, na shemeji yake, fundi baiskeli, alikuwa akimpigia kelele kutoka ng'ambo: "Shemeji! Mgonjwa ni wewe au mimi? Mbona suruali imekukaa kama ya bwana harusi?" Mkewe aliyasikia hayo akashukuru Mungu, akalala usingizi.

Hospitali kulikuwa na mzani, na mzani hauna habari na ushonaji. Huo nao aliupatia dawa. Alishona mfuko wa siri ndani ya koti, akatia mkasi wake mkubwa wa chuma na vyuma anavyokandamizia kitambaa mezani. Muuguzi akaandika uzito uleule wa mwanzo, daktari naye akaendelea kuandika vidonge vya mtu wa uzito ule. Viganja vikazidi kupasuka.

Ni viganja hivyo vilivyomfichua. Hakuwahi kumwachia mtu nguo zake azipige pasi, lakini asubuhi moja ya kwenda kliniki hakuweza kushika mpini. Mkewe akaichukua kazi. Pasi ilipofika kiunoni mwa suruali ikakwama kwenye unene. Akaigeuza ndani nje. Mshono ndani ya mshono, na ndani yake mshono mwingine. Akavuta koti lililokuwa kitini, likamlemea mkono, na mkasi ukadondoka sakafuni kwa kishindo.

"Baba watoto, hii nini?"

"Mkasi."

"Mkasi naujua! Unafanya nini kwenye koti la kliniki?"

Mtanashati alikaa kwenye godoro, na bila koti mabega yake yalionekana membamba kama ya mtoto. "Wakijua nimekonda hawatanikata," alisema. "Nitabaki nalo dude hili mpaka linimalize. Naogopa, mama watoto."

Mkewe alikuwa na hasira ya kuvunja sahani, na huruma nayo ikamkaba hapohapo. "Mimi nalisha shule nzima," alisema, "halafu mume wangu ananifia kwa njaa mbele ya macho yangu. Na nilikuwa nalala usingizi kwa ajili ya suruali!"

Kliniki, mkasi uliwekwa juu ya meza ya daktari. Daktari aliutazama, akamtazama mwenye nao. "Ningekupasua kwa uzito wa mkasi, mzee," alisema, "usingeamka." Kisha akasimamisha vidonge hadi viganja vipone, akavirudisha kwa kipimo kidogo, na akaagiza ale kidogo kidogo kutwa nzima. Kuanzia hapo mkewe alipeleka chakula kibandani mwenyewe, akavuta kigoda na kukaa mpaka bakuli liwe tupu. Muuza mkaa alinuna.

Uzito ulirudi kwa kusuasua, ila ulirudi. Picha mpya za ini zilipotoka, uvimbe ulikuwa umesinyaa na kuuachia mshipa. "Sasa tunakata," daktari alisema, na mkewe akalia kwa sauti pale koridoni bila kujali nani anamwangalia.

Siku ya upasuaji alikabidhiwa nguo za mumewe ndani ya mfuko. Hakujua afanye nini na mikono yake. Akaomba sindano, uzi na kiwembe kwa muuguzi, akaanza kuifumua ile suruali kiunoni, mshono mmoja baada ya mwingine. Mtanashati alipompunguzia mteja nguo, kilichozidi alikikata akakitupa. Hapa hakuwa amekata hata kipande. Na chini kabisa, pale ulipokuwa mshono wa kwanza, wa kabla hajaugua, palikuwa na mstari wa chaki uliokolezwa upya ili usifutike. Aliulalia mstari ule akalia. Halafu akashona juu yake taratibu, na alikuwa bado anashona daktari alipotoka kumwambia wameutoa uvimbe wote.

Siku ya kuruhusiwa, Mtanashati aliivaa ikamteleza hadi nyongani.

"Inanipwaya hii! Mtaani watasema nini?"

"Wewe ndiye uliyechora," mkewe alisema. "Mimi nimefuata mstari wako tu. Twende ukale."

Akashika kiuno cha suruali kwa mkono mmoja, mkono wa mkewe kwa mwingine, akapita mtaa mzima ikimpwaya.