Tezo ya Mzee Wilibrodi

Kwa miaka kumi na mmoja, hakuna aliyefika karakana ya Mzee Wilibrodi pale Karatu akaondoka bila kusimuliwa habari ya keekee. Ukienda kutengenezewa kiti, utasimuliwa. Ukienda kumpa pole ya msiba, utasimuliwa pia, ila kwa sauti ya chini. Keekee yenyewe, ile ya kutobolea mbao kwa kuzungusha mkono, aliirithi kwa baba yake, fundi wa mashamba ya kahawa ya walowezi. Aliyeichukua ni Piusi wa Mbulumbulu, rafiki yake tangu ujana, siku walipomaliza kuezeka kanisa la kigango. Tangu hapo hawakusalimiana. Mzee alitaka kitu kimoja tu: keekee irudi kabla hajafa, na Piusi aombe radhi.

Basi Neema alipofika, binti wa Arusha anayetafuta vifaa vya filamu ya enzi za mashamba hayo, mzee aliona amepata sikio jipya.

"Shikamoo, mzee. Naambiwa una vyombo vya zamani."

"Marahaba. Ninavyo vyote, isipokuwa kimoja kilichoibwa."

Neema akasimuliwa. Marsela, mke wa mzee, alikuwa mlangoni akimenya viazi na kuyatangulia maneno ya mumewe, maana aliyajua kama sala ya jioni.

Kisha mzee akapanga vyombo juu ya gunia: randa ya mti, msumeno wa watu wawili, patasi tano, na kipenzi chake, tezo ya kuchongea. Neema aliipenda tezo papo hapo. Tatizo lilikuwa mpini, uliozungushiwa mpira wa tairi la baiskeli usiteleze mkononi.

"Huu mpira tuutoe, mzee. Kwenye picha tunataka mti wenyewe uonekane."

"Toa. Utaiona alama yangu hapo chini. Vyombo vyangu vyote nimevichoma msalaba kwa msumari wa moto. Fundi asiye na alama ni kibarua tu."

Mpira ukakatwa. Chini yake hapakuwa na msalaba. Palikuwa na nukta tatu.

Mzee akavaa miwani. Akaivua, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Nukta zikabaki tatu.

"Hii ni alama ya nani?" Neema aliuliza.

"Ya Piusi," alijibu Marsela bila kuacha kumenya, kisha akamwambia mumewe: "Nyani haoni nini vile, Baba Remigius?"

Mzee aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Siku ile ya kanisani mvua iliwakuta, wakatumbukiza vyombo kwenye magunia ovyo ovyo, tezo yake huenda ikasahaulika kanisani na ya Piusi ikaingia guniani mwake, na wiki iyo hiyo yeye mwenyewe akauzungushia mpini mpira bila kuitazama alama. Miaka kumi na mmoja amechonga kwa tezo ya Piusi huku akimtukana Piusi.

Kesho yake alipanda bodaboda hadi Mbulumbulu, tezo ikiwa ndani ya mfuko wa salfeti, na njia nzima akatunga hotuba. Piusi alikuwa uani akipukuchua mahindi. Alipoiona tezo aliingia ndani, akatoka na kitu kilichoviringishwa kwenye sweta. Ilikuwa keekee, inang'aa kwa mafuta.

"Naipaka kila Pasaka," alisema. "Nilijua utaifuata. Sikujua kama u mvivu kiasi hiki."

"Kwa nini hukuniletea?"

"Nilikuwa naingoja tezo yangu. Huku Mbulumbulu kila mtu anajua wewe ni mwizi."

Hotuba yote ikamtoka kichwani. Kumbe alichokuwa akikitamani miaka yote hiyo si keekee, ni huyu Piusi mwenye maneno ya kuudhi.

"Nisamehe, Piusi," alisema.

"Kaa upukuchue," alijibu Piusi, akimsogezea kigoda.

Neema aliazima vyombo vyote viwili, yeye na wenzake wakapiga picha zao, akavirudisha, kila kimoja kwa mwenyewe. Jumatatu iliyofuata Marsela alimkuta mumewe anavaa koti la kutokea.

"Unakwenda wapi?"

"Mbulumbulu. Nina mbao ya kuchonga na sina tezo."

"Mbona maduka ya Karatu yamejaa tezo?"

"Hizo ni za kununua," alisema mzee, akatoka kutafuta bodaboda. "Mimi nataka ya kuazima."